Je, Wajua? Zawadi Zilizotoka Kwenye Mfuko wa Mabaki

Septemba 2013, mama mmoja alimshonea mwanawe wa miaka 3 mdoli wa dainosa. Kitambaa cha nje alikitoa kwenye bitana ya makasha ya chakula, na tumbo la mdoli akalijaza vipande vya fulana iliyochakaa. Mama huyo ni mwanaanga Karen Nyberg wa Marekani, na wakati akishona alikuwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kama kilomita 400 kutoka ardhini. Makasha yalikuwa ya chakula cha Warusi. Sindano na uzi alikuja navyo kutoka nyumbani.

Kushona huko juu kunataka subira. Hakuna kinachotulia mezani: kitambaa ukikitandika kinainuka, mkasi ukiuachia unaelea, pini usiyoichomeka mahali inakwenda zake. Nyberg alimaliza dainosa wake, akashona pia kipande cha mraba chenye nyota, kisha akawaalika washonaji wa dunia wamtumie vya kwao. Vilivyofika vilizidi 2,000, na mwaka 2014 vilionyeshwa Houston, Texas, vikiwa vimeunganishwa. Lakini mimi moyo wangu uko kwa yule mdoli. Mtu amezungukwa na mitambo ya thamani isiyosemeka, na anapomkumbuka mtoto wake anashika sindano na kitambaa kilichokuwa njiani kwenda kutupwa.

Leso ilianza kwa kuungwa

Je, wajua kwamba kanga, vazi tunalolijua kama kipande kimoja, ilianza kwa viraka? Katika karne ya 19 maduka ya Zanzibar na Mombasa yaliuza vitambaa vya mkononi vilivyochapishwa, vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Wareno waliviita lenço. Sisi tukasema leso. Wanawake wa pwani hawakuvikata kimoja kimoja kama ilivyotarajiwa. Walinunua sita kwa pamoja, wakakata mapande mawili ya leso tatu tatu, wakayaunga ubavu kwa ubavu: tatu juu, tatu chini. Likapatikana vazi la kujifunga. Baadaye wafanyabiashara waliona mbele, wakaagiza vitambaa vilivyochapishwa tayari kwa ukubwa ule, na mshono wa katikati ukatoweka. Jina lilibaki: Mombasa kanga bado ni leso.

Na kanga haifi upesi. Ikiwa mpya inavaliwa. Ikizoea mwili inakuwa mbeleko. Ikichakaa inachanwa nepi, kwa kuwa hapo ndipo pamba yake imelainika kuliko ilivyokuwa dukani. Ndiyo maana kipande cha kanga kuukuu ni kitambaa bora cha zawadi ya mtoto mchanga. Ulaini ule haununuliwi; umefuliwa ndani yake kwa miaka.

Kiraka kimepanda cheo

Mtangazaji wa mpira akimwita mchezaji "kiraka" anamsifu. Ni yule anayecheza beki leo, kiungo kesho, na siku winga ameumia anapelekwa pembeni na anaimudu. Kocha mwenye mchezaji kiraka analala vizuri. Lugha nyingine bado zinasikia aibu kwenye neno hilo; Kiswahili kimeliona upande wake wa pili.

Tunalo pia neno mfarishi, ambalo vijana wengi hawajalisikia: tandiko au shuka nene la kitandani lililotiwa pamba ndani na kushonwa tabaka zote kwa pamoja. Tabaka ni tatu: uso wa juu, ambao mara nyingi ndio wa vipande vilivyoungwa, ya kati yenye joto, na ya chini. Mishono inayopita zote tatu huonekana kama pambo, na pambo ni kweli, lakini kazi yake ya kwanza ni kuzuia kilichomo kisihame. Fua mto ambao haukushonwa katikati, uone pamba yote ilivyokusanyika kona moja. Mafundi wa magodoro wanalijua hilo. Zile nyuzi wanazozipenyeza kutoka juu hadi chini na kuzikaza kwa fundo ni mfarishi uleule kwa mkono mzito zaidi.

Na cherehani? Mzizi wa neno ni wa Kiajemi, charkh, yaani gurudumu. Anayekanyaga cherehani ya mguu hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ua la pembeni

Hapa nitakaa kidogo.

Kusini-magharibi mwa India, katika jimbo la Karnataka, karibu na miji ya Yellapur, Haliyal na Mundgod, wanaishi watu waitwao Wasiddi. Mababu zao walitoka Afrika, wengi upande wetu huu wa mashariki. Baadhi walivushwa bahari kama watumwa na Waarabu na Wareno, baadhi walikwenda kama mabaharia na askari. Mmoja wa Waafrika waliopelekwa India kwa njia hiyo, Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia mwaka 1548, alipanda kutoka utumwani hadi akawa mtawala halisi wa Ahmadnagar. Wasiddi wa leo ni Waislamu, Wahindu na Wakatoliki, na wale wa Gujarat, kaskazini zaidi, wana mchezo wao uitwao goma. Msomaji wa Kiswahili hatasumbuka kujua neno hilo lilivuka bahari kutoka wapi.

Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka hushona mifarishi iitwayo kawandi. Washonaji wengi wa Ulaya na Marekani huunga vipande kwanza mpaka uso wa juu ukamilike, ndipo hushona tabaka. Msiddi hafanyi hivyo. Anatandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, anakaa nacho sakafuni, anaanzia kona moja. Anaweka kipande, anakunja ukingo wake kwa kidole, anakishona moja kwa moja kwenye tabaka za chini, kisha anaweka cha pili kikiukanyaga ukingo wa cha kwanza. Anazunguka kandokando, duru baada ya duru, akielekea ndani, hadi anakutana na mwenyewe katikati. Kuunga na kushona tabaka ni tendo moja. Hakuna kupima, hakuna mchoro wa karatasi. Mishono ya mkono inajipanga mistari sambamba kama matuta ya shamba, na kwa mistari hiyo jirani anaweza kutambua mkono wa nani ulipita.

Kazi haijaisha mpaka kila kona itiwe phula. Ni vipande vidogo vilivyokunjwa mara kadhaa kuwa pembetatu, vikapangwa juu kwa juu na kuchomoza nje kidogo. Phula maana yake ni ua. Kawandi isiyo na ua pembeni, wanasema, iko uchi.

Nilipolisoma hilo nilifikiria kofia zetu za mkono. Vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, ambavyo mshonaji hukaa navyo wiki nyingi barazani, tunaviita viua. Ua dogo. Sidai kwamba moja limezaa jingine. Nasema tu kwamba pande mbili za bahari moja, mtu anayeshonea mpenzi wake au mjukuu wake kwa mkono ameona sehemu ndogo kuliko zote ndiyo inayostahili jina la ua.

Mwaka 2004 wanawake hao walianzisha ushirika wao wa mifarishi, wakisaidiwa na watafiti Henry Drewal na Sarah Khan, na mwaka 2011 kazi zao zilionyeshwa New York katika kituo cha Schomburg. Lakini nyingi ya kawandi ni ndogo, za kumtandikia au kumfunika mtoto, na hazikukusudiwa kwenda popote zaidi ya mkeka wa bibi.

Ukitaka kujaribu nyumbani, usianze na shuka. Anza na kitambaa cha kuwekea bakuli la moto mezani, sentimita 25 kwa 25. Njia ya Kisiddi inawafaa hasa wenye mabaki yasiyo na umbo, maana haikutaki ukate mraba hata mmoja.

Mtoto wa nyumba mia

Nchini China kulikuwa na desturi ya kumshonea mtoto vazi la nyumba mia. Wazazi walipita kwa majirani na jamaa wakiomba kila mmoja kipande kidogo cha nguo. Vipande vikaungwa kuwa kanzu ya mtoto, na imani ilikuwa kwamba aliyevaa baraka za nyumba nyingi hafikiwi na shari kirahisi. Thamani ya vazi haikuwa kwenye hariri. Ilikuwa kwenye idadi ya milango iliyobishwa.

Korea wana jogakbo, kitambaa cha kufungia vitu au kufunikia chakula kilichoungwa kwa mabaki. Wakati wa utawala wa Joseon, wanawake wa kawaida walikusanya masalia ya kila nguo waliyoshona, hata vipande visivyozidi upana wa vidole viwili, wakayaunga. Kila kiungo kipya kilihesabiwa kama nyongeza ya maisha marefu kwa atakayetumia. Kwa kuwa nyingi hazina bitana, walibuni mshono uliokunjwa mara mbili ili ncha mbichi zisionekane upande wowote. Ukiinua jogakbo dirishani, mishono inaonekana kama fremu nyeusi za vioo vya rangi. Zawadi ilifungwa ndani yake, na hapo mpewaji alipokea zawadi mbili. Tangu Kenya ilipozuia mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, nimekuwa nikitamani desturi hiyo ituingie. Kilo ya sukari ya kumpelekea mzazi, ikifungwa ndani ya vipande vya vitenge, itakumbukwa baada ya sukari kwisha.

Kiraka kiliwahi pia kuwa alama ya ucha Mungu. Joho la mtawa wa Kibudha hushonwa kwa vipande, na mapokeo yanasema Buddha alimwonyesha mwanafunzi wake Ananda mashamba ya mpunga na matuta yake, akamwambia ashone kwa mfano huo. Sudan, wafuasi wa Mahdi mwishoni mwa karne ya 19 walivaa jibba lenye viraka kuonyesha kwamba wameikana dunia. Miaka ilivyokwenda viraka hivyo vikawa vya rangi, vimekatwa kwa vipimo, kulia sawa na kushoto: sare ya jeshi.

Alichokiomba Harriet Powers

Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya uhuru, yeye na mumewe walikuwa wakulima wadogo karibu na mji wa Athens. Mwaka 1886 alipeleka mfarishi wake kwenye maonyesho ya pamba ya hapo mjini: mapande 11 yenye watu, wanyama na malaika waliokatwa kwenye vitambaa na kubandikwa kwa sindano, vikisimulia Biblia kuanzia Adamu na Hawa. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua palepale. Jibu lilikuwa kwamba hauuzwi kwa bei yoyote.

Miaka kama minne baadaye maisha yakabana. Powers akatuma habari kwamba yuko tayari, akataja dola 10. Smith alikuwa na 5. Mume alishauri wazichukue, na mfarishi ukaenda. Kabla ya kuuacha, Powers alimweleza Smith kila picha ina maana gani, naye Smith akaandika maelezo hayo. Ni kwa maandishi hayo leo tunajua mshonaji alifikiri nini. Mifarishi mingi ya wakati ule imebaki bila sauti. Baadaye Powers alirudi zaidi ya mara moja kuitazama kazi yake kwenye nyumba ya watu. Na kilichompunguzia uchungu kidogo, kwa maelezo ya Smith mwenyewe, ni ahadi kwamba atamwekea mabaki yake yote ya vitambaa.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanigusa. Mwanamke ameuza kitu kilichokuwa kwake kama mtoto, kwa nusu ya bei, na faraja anayoipokea ni malighafi ya kushona kingine. Kingine alikishona kweli. Mfarishi wake wa pili una picha 15, na moja ni ile mvua ya vimondo ya Novemba 1833, iliyotokea kabla hajazaliwa, ambayo wazee walikuwa bado wanaisimulia. Ni hiyo miwili tu inayojulikana kubaki: mmoja uko Smithsonian, Washington, mwingine Boston.

Magharibi mwa hapo, katika jimbo la Alabama, mto umejikunja na kuzunguka kijiji cha Gee's Bend karibu pande zote. Mwaka 1942 Missouri Pettway wa kijiji hicho alifiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za shamba, magoti yakiwa yamepauka na mifuko ikiacha alama mahali ilipobanduliwa, akashona mfarishi ili apate kujifunika nazo. Miaka 30 hivi baadaye ushirika wa wanawake wa eneo hilo, Freedom Quilting Bee, ulipata kazi ya kushona foronya za kodrai kwa kampuni ya Sears. Masalia ya kodrai, kijani cha parachichi, dhahabu, nyekundu, yaligawiwa nyumba kwa nyumba. Kodrai ni nzito na haitii mkato wa madoido, basi mifarishi ya miaka ile ikawa ya mapande makubwa yaliyonyooka. Watu wa makumbusho walipoiona waliiita sanaa ya kisasa. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye mifarishi ya Gee's Bend.

Sufi: manyoya ya mti

Je, wajua kwamba mojawapo ya vijazo bora vya mto mdogo huota juu ya mti? Msufi ukifika kiangazi hupasua matunda yake na kuangusha manyoya meupe yanayotembea na upepo. Kila unyoya wa sufi ni mrija mtupu uliojaa hewa, na nje una nta. Kwa hiyo ni mwepesi, haunywi maji, na hausokoteki kirahisi kuwa uzi. Katika vita kuu za karne iliyopita jaketi okozi za mabaharia zilijazwa sufi, na ziliwafanya watu waelee majini.

Nchi kavu sufi imevaliwa na farasi. Katika Bornu, Sokoto na Sudan, wapanda farasi wa kivita waliwavika wanyama wao magamba ya kitambaa yaitwayo lifidi: tabaka za pamba za rangi zilizoshonwa vipande vipande na kujazwa sufi, nene kiasi cha kupunguza nguvu ya mshale au mkuki. Seti moja iliyochukuliwa Omdurman ipo British Museum, London. Kaskazini mwa Nigeria lifidi bado hutoka siku za sherehe.

Kwetu magodoro ya sufi yamesukumwa na sponji. Kwa mto wa mtoto au mdoli, ukiipata, ichukue. Toa mbegu zote, jifunge kitambaa puani maana vumbi lake ni jembamba sana, na jaza mara mbili ya unavyodhani inatosha kwa sababu hukaa chini. Usiitie kwenye chochote kitakachokaribia jiko. Sufi hushika moto kwa kasi.

Mkono hukingwa na hewa

Zawadi ndogo inayotumika kila siku kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kishikio cha sufuria. Watu wengi hudhani kitambaa ndicho kinachozuia joto. Kinachozuia ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi na kati ya tabaka. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, ndiyo maana kitambaa kilekile kilichokuwa kinakukinga, kikilowa tu, kinakuunguza kabla hujafika mezani. Mpe mwenzio viwili, ili kimoja kiwe kikavu daima.

Kabla ya kukata, jua kitambaa chako. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibanio juu ya sahani, ziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na jivu lake ukiligusa linasambaratika. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Inayeyuka karibu na nyuzijoto 260, na sufuria iliyokaukia juu ya mkaa inaweza kupita hapo. Siku hizi kanga na vitenge vingi vina poliesta hata kama muuzaji anaapa ni pamba. Vya poliesta vitafaa kwa pochi na mikoba, jikoni visiingie.

Fua kila kipande kwanza. Kuna kitambaa kinachorudi na kuna kinachotoa rangi, na viwili hivyo vikikutana ndani ya kazi moja, kufua kwa kwanza ndiko kutakakoiharibu. Kisha piga pasi. Unga vipande mpaka upate uso wa sentimita 20 kwa 20, ukiacha nusu sentimita ya mshono kila upande; mabaki madogo yasikulazimishe kuacha chini ya hapo, yatafumuka. Katikati weka tabaka mbili za taulo kuukuu. Taulo lina vitanzi vinavyoshika hewa, na halihami. Piga bandi kwa hatua ndefu kutoka katikati kwenda nje, ili makunyanzi yasukumwe pembeni, kisha shona mistari halisi, utoe bandi. Usishone kwa kubana sana. Mistari iliyosongamana huikandamiza ile hewa unayoitafuta. Zungusha ukingo kwa utepe uliokatwa mshazari, kwa kuwa kitambaa cha mshazari hunyumbuka konani, na acha kitanzi cha kutundikia.

Akili hiyohiyo ya hewa ndiyo inayoendesha kapu la kupikia bila moto, linalotumika Kenya: kapu au mfuko mnene uliotandikwa ndani tabaka za nguo kuukuu. Chungu kikishachemka kinafunikwa, kinafukiwa humo, na wali unaiva wenyewe mkaa ukiwa umezimwa. Maharage yachemshwe kwa nguvu angalau dakika 10 kwanza, kwa sababu yana sumu ambayo moto wa pole hauiondoi. Hiyo si zawadi ndogo kwa kushona, wala kwa aliyepewa.

Kwa mshonaji mwenzio, mshonee mto wa sindano. Umewahi kuona ule wa umbo la nyanya wenye kistroberi kinachoning'inia? Nyanya ni ya kuchomekea. Kistroberi kina unga mgumu wa kunolea. Ukipitisha sindano humo mara kadhaa inatoka ikiwa kali na bila kutu. Huku pwani, ambako chumvi ya hewa haisamehi chuma, jaza mto wako manyoya ya kondoo ukiyapata. Mafuta yake ya asili huikinga sindano.

Majina katikati ya maua

Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani Februari 1942, na raia wa kizungu, wanaume kwa wanawake, wakafungwa gereza la Changi sehemu mbalimbali. Wanawake hawakujua kama waume zao ni hai. Mfungwa mmoja kutoka Kanada, Ethel Mulvany, akatoa wazo: kila mwanamke apewe kipande cha mraba, adarizi humo jina lake na kitu chake mwenyewe, vipande viungwe kuwa mifarishi kwa ajili ya wagonjwa hospitalini. Walinzi wakaruhusu. Kila mfarishi ulikuwa na miraba 66, na kila mraba ulikuwa barua. Mume aliyeuona mkono wa mkewe alijua kwamba hadi siku ile alikuwa anapumua. Mitatu imesalia.

Wazo la kushona, hata hivyo, lilikuwa tayari humo ndani. Lilianza kwa watoto. Mfungwa Elizabeth Ennis alikuwa amewakusanya wasichana wapatao 20, wa miaka 8 hadi 16, akaanzisha kikundi cha Girl Guides kilichokutana mara moja kwa wiki kwenye pembe ya uwanja wa gereza. Wasichana hao waliamua kumpa zawadi ya siku ya kuzaliwa bila yeye kujua. Hawakuwa na duka wala kitambaa. Walikata pembesita ndogo kwenye mabaki ya magauni yaliyokwisha kuvalika, wakafumua nguo kuukuu kupata uzi, wakashona kwa siri. Pembesita sita kuzunguka moja hutoa ua. Wakaendelea kuunga ua baada ya ua, na mfarishi haukuwahi kumalizika.

Ennis aliutunza, na sasa uko Imperial War Museum. Vitambaa vimefifia. Lakini katikati ya maua, pale ambapo macho ya ua yangekuwa, kila msichana alidarizi jina lake, na uzi ule uliofumuliwa kwenye nguo kuukuu bado unasomeka.